Moto Umeishia Wapi? Maneno kwa mafundi vijana na wenye magari ya zamani, Mtwara

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi vijana nawasalimu kwa heshima ya kazi, maana naona wengine mmekuja na ovaroli zenye oili mbichi, mmewaacha wateja kwenye benchi. Sitawachelewesha sana.

Nimeombwa niseme juu ya magari ya zamani yanayokataa kuwaka. Nimekuja na mfuko huu. Ndani yake mna koili mbili, kondensa tatu, seti mbili za platini, zile swichi ndogo za kukata na kuunga moto, na plagi nne, vyote vimetoka kwenye Land Rover moja iliyoletwa kwangu ikivutwa kutoka Nanyamba. Vyote nimevipima. Vyote vizima, isipokuwa kondensa moja, na hiyo ndiyo iliyokuwa mpya kuliko zote. Mwenye gari aliuziwa vitu hivi kimoja kimoja, kila fundi na dawa yake, hela ya korosho ikayeyuka, na gari bado limekaa. Ugonjwa wenyewe ulikuwa waya mmoja mfupi kuliko kidole changu hiki. Nitawaonyesha tukifika mahali pake.

Basi ninalotaka kusema leo ni hili: usimnunulishe mtu spea kabla hujajua moto umeishia wapi. Moto, yaani umeme, unatoka kwenye betri, unapita njia yake, unafika kwenye plagi. Njia hiyo haina siri. Mahali fulani umekatika, na mahali hapo panapatikana kwa globu moja na waya mbili, bila kubahatisha.

Vijana wengi hapa mmejifunzia kwenye IST na Noah. Kule mara nyingi kila plagi ina koili yake, ukikwama unachomeka mashine, inakupa namba ya kosa. Sisemi vibaya, na mimi ninayo mashine. Lakini Land Rover ya mwaka 1972 haina pa kuchomeka mashine. Na magari haya huku Kusini hayajaisha. Panda Newala, nenda Masasi mpaka Nachingwea, utaziona Land Rover za misheni, Peugeot 504 za pikapu, Datsun, Volkswagen zile za mgongo wa duara. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, ndio uliotuletea bandari hii na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga zikashindikana, reli ikang'olewa, barabara ikabaki na magari ndiyo yakabeba kila kitu. Wazee wanakumbuka: kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, kwenda Dar es Salaam ilikuwa kuvuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, na masika ikiingia watu wanalala njiani. Dereva wa wakati ule alitembea na platini za akiba, kipande cha msasa na bisibisi, na alijua kuvitumia. Leo lami ipo, simu zipo, na ule ujuzi umelala.

Halafu kuna wanaosema mfumo wa platini ni dhaifu, haufai barabara mbovu. Mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1966 na 1967 zilichukuliwa na Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, kwa Peugeot 404. Ile ilikuwa gari ya platini, ikapita kwenye tope na vumbi la nchi zetu hizi siku baada ya siku. Kwa hiyo tusilisingizie gari.

Sasa tuelewane namna linavyofanya kazi, kwa kifupi. Betri ina volti 12. Plagi ili irushe cheche ndani ya silinda iliyobanwa inahitaji maelfu ya volti, elfu kumi na kitu hadi 20,000 na zaidi. Kazi ya kupandisha ni ya koili. Ndani ya koili kuna nyaya mbili zilizosokotwa kwenye chuma kimoja, mmoja mnene wenye mizunguko mia kadhaa, mwingine mwembamba sana wenye mizunguko maelfu. Platini zikifunga, moto unapita kwenye waya mnene na koili inajaa sumaku. Platini zikifunguka, moto unakatika ghafla, sumaku inaanguka, na kule kuanguka ndiko kunakozaa volti kubwa kwenye waya mwembamba.

Shikeni hapo, maana wengi mnafikiri kinyume. Cheche ya plagi inakuja platini zinapofunguka, si zinapogusana. Ukilielewa hilo tu, nusu ya magonjwa utayatambua mwenyewe. Jambo hili la sumaku kuzaa umeme aligundua Michael Faraday mwaka 1831, Mmarekani Charles Kettering akalitengenezea mfumo wa gari, na Cadillac za mwaka 1910 zikatoka nao. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, platini zinafunguka na kufunga mara 6,000 katika dakika hiyohiyo. Mara 100 kila sekunde. Halafu mtu anashangaa kwa nini zinaisha.

Gari limekuja limekufa. Swali la kwanza si la umeme kabisa: ni umeme au ni mafuta? Muulize dereva limezimikaje. Likizimika ghafla, kana kwamba mtu kazungusha swichi, anza na umeme. Likizimika kwa kukohoa, linavuta, linaacha, linavuta tena mpaka likalala, anza na mafuta: pampu, kabureta, tangi lenye uchafu. Si sheria ya msahafu, lakini ni mahali pazuri pa kuanzia. Dereva naye msikilize mpaka amalize. Mara nyingi ugonjwa anautaja mwenyewe katikati ya malalamiko, na fundi keshaanza kufungua nati.

Pili, betri. Hapa vijana mnaharakisha. Stata ikizungusha injini mnasema betri nzima. Stata ndiyo inayokula moto mwingi kuliko kitu chochote kwenye gari, na betri iliyochoka inaweza kuizungusha stata huku volti zimeshuka chini ya 10. Koili inabaki na makombo, cheche inakuwa hafifu, gari haliwaki. Ndiyo maana gari hilohilo ukilisukuma linawaka. Pima betri wakati stata inapigwa, si gari likiwa limetulia. Na angalia vichwa vya betri na waya wa ethi, ule wa kurudishia moto kwenye betri, unaokwenda kwenye bodi. Kwa sisi wa pwani hili si dogo. Gari linalolala Shangani, upepo wa bahari unalipuliza usiku kucha, waya za shaba zinaota ukijani ndani ya mpira ambako huoni. Ukiupinda waya ukasikia unakatikakatika ndani, umekufa huo, hata kama nje unang'aa.

Sasa testa. Hii hapa mkononi mwangu ni globu ya wati 5, ile ya taa ndogo ya gari, na waya mbili zenye vibanio. Naipenda kuliko vitesta vidogo vya taa ya LED mnavyonunua. Taa ya LED inawaka kwa moto kidogo mno. Waya uliooza, umebaki na uzi mmoja, utawasha LED vizuri kabisa ukakwambia moto upo. Lakini koili inataka kama ampea 4, na uzi mmoja hauwezi kubeba. Globu hii inataka chakula. Ikififia, unajua njia ina ugonjwa.

Koili ina vichwa viwili vidogo na shimo kubwa katikati. Kichwa kimoja kinapokea waya kutoka kwenye swichi, kingine kinatoa waya kwenda kwenye distributa, kile kikombe chenye platini ndani kinachogawa moto kwa plagi. Washa swichi bila kupiga stata. Banika upande mmoja wa testa kwenye bodi, gusa kichwa cha upande wa swichi. Iwake. Isipowaka, achana kabisa na distributa. Ugonjwa uko nyuma, kwenye swichi, fyuzi kama gari lina fyuzi njia hiyo, au waya. Kuna magari yenye kipingamizi kati ya swichi na koili, hapo globu itafifia kidogo platini zikiwa zimefunga. Hiyo ni kawaida yake.

Imewaka? Hamisha testa, gusa kichwa cha pili, cha upande wa distributa. Mwambie mwenzio azungushe injini polepole kwa hendeli ya mbele, au asukume gari likiwa gia ya nne. Hapa ndipo penye utamu. Globu inatakiwa iwake, izime, iwake, izime. Platini zikifunguka inawaka, zikifunga inazima. Ukiona inapepesa hivyo, mfumo mzima wa volti 12 ni mzima, kila kitu, na shida yako iko upande wa volti kubwa. Umepata jibu hilo bila kununua chochote.

Ikiwaka moja kwa moja bila kuzima, maana yake moto haushuki kwenda ethi. Ama platini hazifungi, ama zimefunga lakini zina uchafu, ama waya wa kutoka koili kwenda distributa umekatika, ama kile kibao ambacho platini zimefungwa hakina ethi.

Isipowaka kabisa, na ulishaona upande wa swichi unawaka, chomoa ule waya mwembamba wa distributa kutoka kwenye koili. Gusa tena kichwa kilekile. Sasa ikiwaka, kuna shoti ndani ya distributa. Ikikataa bado, waya wa ndani ya koili umekatika, na sasa ndipo una ruhusa ya kwenda dukani kununua koili. Sasa hivi, si kabla.

Turudi kwa ile Land Rover ya Nanyamba. Globu iliwaka haizimi. Platini mpya, safi, zinafunga vizuri. Sasa njoo karibu na hii distributa niliyokuja nayo, muione. Kibao hiki kinachobeba platini kinacheza kidogo, kulia na kushoto, maana kinavutwa na ile sahani ya vakyumu, inayofuata unavyokanyaga mafuta. Kwa kuwa kinacheza, hakiwezi kutegemewa kupata ethi kwa kugusana tu. Kina kiwaya chake cha nyuzi zilizosukwa, kinatoka kwenye kibao kinakwenda kwenye ukuta wa distributa. Kinapindwa kila unapokanyaga mafuta, miaka na miaka. Mwisho nyuzi zinakatika ndani ya ala yake, kwa nje kimekaa vizuri tu. Ukikanyaga, nyuzi zinaachana, injini inamisi; ukiachia, zinagusana. Siku ya siku hazigusani tena. Nilitia kipande cha waya laini, gari likawaka palepale. Kila platini zikibadilishwa, kiwaya hiki kinapitwa kwa sababu hakiuzwi dukani pamoja nazo.

Ndugu yake ni kile kikombe kidogo cha plastiki kwenye msumari wa platini. Waya wa kondensa na waya wa koili vinatakiwa vikae juu pamoja na spring'i ya platini, na vyote vitenganishwe na kibao kwa hicho kikombe. Ukikosea mpangilio, kijiwaya kimoja kikagusa kibao, moto wote unakwenda ethi wakati wote, cheche hakuna. Gari lililokuja linatembea linaondoka linavutwa. Kabla hujafungua kitu kipige picha. Simu mnazo, zisiwe za kupigia picha harusi tu.

Platini zenyewe. Mwanya wake kwa Land Rover ya silinda nne ni milimita 0.35 hadi 0.40, Volkswagen na Peugeot 404 na 504 ni milimita 0.4. Upime kwa fila geji, vile vibati vya kupimia mwanya, wakati kisigino cha platini kiko juu kabisa ya nundu ya shafti. Kijana pale anaonyesha kipande cha sanduku la sigara. Naam, njiani kitakuokoa, gereji hapana. Upime nundu zote nne. Kama mwanya unabadilika sana kutoka nundu moja hadi nyingine, shafti ya distributa inacheza, bushi zimekwisha, na hakuna platini itakayokaa sawa humo. Injini itakuwa haikai sailensa, yaani haitulii usipokanyaga mafuta, na utailaumu kabureta bure. Kisigino kipake grisi kidogo sana kwenye nundu, punje tu. Grisi ikizidi inarushwa kwenye nyuso za platini na umejitengenezea ugonjwa mpya.

Platini mpya nazo zina mafuta ya kukinga kutu kutoka kiwandani. Zifute kwa kitambaa chenye petroli. Na gari lililokaa miezi bila kuwashwa, hasa msimu wa unyevu, platini zinafanya utando ambao macho hayauoni. Pitisha karatasi safi ngumu katikati yake zikiwa zimefunga, ivute mara mbili tatu. Nimeona magari yaliyotangazwa kuuzwa chuma chakavu yakiwashwa na karatasi.

Kondensa. Huyu ndiye anayesingiziwa kuliko wote, na siku hizi ndiye anayeuzwa mbovu kuliko wote. Platini zinapofunguka, moto hautaki kukatika. Unataka kuruka ule mwanya. Kondensa anaupokea moto huo, ndoo chini ya bati linalovuja, ili ukatike kwa ghafla na sumaku ya koili ianguke haraka. Asipokuwepo, unaona cheche kubwa ya buluu kwenye platini, na ya plagi inakuwa nyembamba. Platini zinaungua, upande mmoja unaota kichuguu, mwingine unachimbika shimo. Ukiona hivyo muda mfupi tu baada ya kubadilisha, mtazame kondensa. Ugonjwa wake mwingine ni wa joto: asubuhi gari linawaka vizuri, likipata joto linamisi, linazima, likipoa linarudi. Ushauri wangu, na hapa wauza spea watanisamehe: kondensa wa zamani anayefanya kazi usimtoe eti kwa sababu umebadilisha platini. Ukimtoa, muweke kwenye sanduku la vifaa, usimtupe.

Koili naye ana tabia hiyohiyo ya joto. Dereva anakwambia, natoka Mtwara mjini vizuri, nikikaribia Mingoyo linakufa, nakaa nusu saa chini ya mkorosho linawaka. Gari likizima njiani, hapohapo, kabla halijapoa, pima cheche. Kama hakuna, mwagia koili maji ya baridi kwa nje, mkaushie kichwa vizuri, jaribu tena. Cheche ikirudi, umempata. Lakini jiulize kwanza kwa nini kaungua. Koili ya gari lenye kipingamizi ina omu 1.5 hivi kwenye waya mnene. Ya gari lisilo nacho ina kama 3. Ukifunga ile ya 1.5 kwenye gari lisilo na kipingamizi, moto unaopita ni karibu mara mbili, koili inachemka na platini zinaungua nayo. Dukani zote zinafanana kwa umbo. Nenda na mita.

Na kwa wenye Land Rover za miaka ya 60: nyingi zilitoka Uingereza na ethi ya chanya, yaani ncha ya chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Nyingine zimegeuzwa huku, nyingine hazijageuzwa. Usifunge betri kwa mazoea. Koili za Lucas za zamani hazikuandikwa chanya na hasi. Ziliandikwa SW upande wa swichi na CB upande wa platini. Aliyegeuza ethi anatakiwa ageuze na waya za koili, vinginevyo cheche inatoka dhaifu na hakuna kitu kinachoonekana kibovu.

Sasa upande wa volti kubwa. Kwanza usalama, hapa sitanii. Usishike waya wa plagi kwa mkono huku stata inapigwa. Mwenye kifaa cha moyo asikaribie kabisa. Na kama kuna harufu ya petroli, usirushe cheche. Futa, subiri, ndipo upime.

Chomoa waya mnene wa kati kutoka kwenye kifuniko cha distributa, ushike kwa koleo yenye mpira, weka ncha yake milimita 6 hivi kutoka kwenye chuma cha injini. Platini ziwe zimefunga, swichi imewashwa, kisha zifungue kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki. Cheche nene ya buluu yenye mlio, koili na kondensa wazima. Nyembamba ya rangi ya machungwa, mmoja wao mgonjwa. Kama hapa ipo na kwenye plagi haipo, inapotea katikati: kifuniko, rota (yule anayezunguka chini ya kifuniko kugawa moto), au waya.

Rota mjaribuni hivi. Acha kifuniko wazi, rota akiwa mahali pake, leta ncha ya ule waya mnene karibu na shaba yake juu, fungua platini. Cheche ikimrukia rota, rota amepasuka ndani, anamwaga moto kwenye shafti. Rota mzima hana pa kuupeleka moto huo, kwa hiyo cheche hairuki. Hizi rota za siku hizi zenye ribiti katikati zinakufa hivyo sana, mpya kabisa kutoka kwenye boksi.

Kifuniko kiangalie ndani kwenye mwanga wa jua. Tafuta ufa au mstari mweusi kutoka kituo kimoja kwenda kingine. Moto umejichorea njia na hautaiacha. Katikati kuna kimkaa kidogo chenye spring'i, kicheze, kirudi. Halafu usubiri usiku. Fungua boneti gizani, washa injini, zima taa. Waya zilizochoka utaziona zinatoa mwanga, na kwenye unyevu wa Mikindani usiku wa Februari utaona vimulimuli kutoka waya mmoja hadi mwingine. Waya hizo badilisha zote, usibadilishe mmoja.

Plagi sizimalizii muda. Rangi ya udongo mwekundu uliofifia, nzuri. Nyeusi kavu, mafuta mengi. Nyeusi yenye oili, injini yenyewe imechoka. Nyeupe, inachemka. Mwanya wa Land Rover ni kama milimita 0.75 hadi 0.8. Basi.

Taimingi, yaani wakati cheche inapotoka, ndiyo inayosahaulika. Ukigusa mwanya wa platini umegusa taimingi: ukiuongeza, cheche inawahi; ukiupunguza, inachelewa. Kwa hiyo kwanza mwanya, halafu taimingi, wala si kinyume chake. Na globu yetu ileile inatosha. Zungusha injini mpaka alama ya puli ifike mahali kitabu cha gari kinaposema, silinda ya kwanza ikiwa inabana. Testa kwenye kichwa cha koili cha upande wa distributa, legeza distributa, izungushe taratibu. Pale globu inapowaka tu, simama, kaza. Mpangilio wa waya kwa Land Rover ya silinda nne na Peugeot 504 ni 1-3-4-2. Volkswagen ni 1-4-3-2. Tazama kwanza rota anazungukia upande gani, ndipo upange.

Mzee pale ameuliza kama afunge ile ya elektroniki atupe platini. Inafanya kazi, sikatai. Haina kisigino cha kuisha na gari linakaa sailensa vizuri. Lakini ikifa, inakufa bila kuaga, na katikati ya Nanyumbu hakuna anayeiuza. Ukiifunga, weka platini zako na kibao chake ndani ya gari. Mimi kwenye gari langu nimebaki na platini, na hiyo ni hiari ya mtu.

Nje, chini ya mwarobaini, kuna Land Rover Series III. Asubuhi ilikuwa inawaka. Nimeitia ugonjwa mmoja, wa volti 12 au wa volti kubwa, sisemi. Testa zipo juu ya bampa, hendeli ipo mbele. Hakuna kubadilisha spea, na hakuna kuuliza dereva, maana dereva ni mimi. Mwenye pete au saa ya chuma avue sasa. Atakayepata asitangaze, aje aninong'oneze, ili wenzake nao wapime. Wazee watangulie, viti vya kivulini ni vyao.